Siku Niliyosoma Mwanga wa Neoni Nikauita Sodiamu

Kila nikialikwa kuzungumza nanyi vijana wa maabara, kuna mmoja husubiri wenzake wasogee, kisha huniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Saadia, wewe uliwahi kutoa jibu lisilo la kweli?" Ndiyo, niliwahi. Nililipiga muhuri, nikalitia kwenye bahasha, likapanda lori la mbuzi hadi upande wa Habaswein, na huko likabandikwa ukutani. Leo nitawaeleza lilivyotoka, maana naona mkisikia neno kosa mnafikiria uzembe. Mimi siku ile sikuwa mzembe. Nilikuwa na hamu kubwa ya kujua, na nilikuwa nimesoma kitabu nusu.

Nilizaliwa Balambala, nikasomea kazi ya maabara Nairobi, na miaka ya tisini ilipoanza nikaletwa Garissa kwenye maabara ya maji. Msidhani lilikuwa jengo kubwa. Vilikuwa vyumba viwili vyenye paa la mabati, na ukisimama kwenye dirisha la nyuma uliona miti ya kando ya Tana. Kazi yetu ilikuwa kupima maji ya visima, ya mabwawa na ya mto. Madumu yalikuja kutoka kila upande, mengine yakiwa bado yananuka mafuta ya kupikia, na mengine yakiwa na jina la kijiji lililoandikwa kwa mkaa likafutika njiani. Funzo la kwanza bila malipo: andika jina kwenye dumu lenyewe, usiandike kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Mwaka wangu wa pili tuliletewa mashine ya kupima madini kwa mwanga, na pamoja nayo akaja Daktari Mutua. Alikuwa Mkamba mwembamba wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alikuwa daktari wa kemia, lakini hilo utamwelezaje mtu sokoni? Habari zilipoenea kwamba maabara ya maji imepata daktari, asubuhi tukakuta foleni mlangoni. Mzee mmoja alileta mgongo wake. Mwingine alileta ngamia anayekohoa. Daktari Mutua alimsikiliza yule wa ngamia mpaka mwisho, akamuuliza huyo ngamia anakunywa maji ya wapi, akaandika kwenye daftari, kisha akamwambia kwa upole kwamba yeye hutibu maji tu. Yule mzee akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitakuletea maji yake." Na akaleta. Tukayapima.

Sasa niwaeleze ile mashine, kwa sababu ninyi mnabonyeza kitufe namba inatoka, na hamjui ndani kuna nani. Kwenye mashine ile kulikuwa na taa ya kioo, nyembamba kama chupa ndogo ya dawa. Ndani ya taa kulikuwa na kikombe kidogo cha madini unayoyatafuta, na hewa yote imetolewa, ikatiwa gesi kidogo ya neoni. Ukiwasha umeme, neoni inagonga kikombe kile, chembe za madini zinaruka, na zinatoa mwanga wake wenyewe. Kila madini yana mwanga wake, hayaazimi kwa mwenzake. Mwanga huo unapita juu ya mwali wa gesi, na ndani ya mwali unanyunyiza maji unayopima. Kama maji yana sodiamu, ile iliyomo kwenye maji itaumeza mwanga wa sodiamu unaotoka kwenye taa, na mshale utashuka. Ukimezwa mwingi, sodiamu ni nyingi. Ukipita wote salama, hakuna kitu.

Mbele ya mashine kulikuwa na gurudumu dogo lenye namba, la kuchagulia mwanga gani uingie kwenye kipimo. Kumbukeni gurudumu hilo.

Daktari Mutua alikuwa na kitabu kimoja ambacho hakukiweka pamoja na vitabu vya kazi. Kilikuwa na jalada la buluu lililochakaa, na jina lake kwa herufi za dhahabu. Ndicho alichoandika alipokuwa akisomea udaktari wake Ulaya. Nilimuuliza kinahusu nini, akacheka, akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo tangu arudi nyumbani.

"Kinahusu chembe ya madini na chembe ya gesi ajizi," alisema. "Unajua gesi ajizi?"

"Zile ambazo haziungani na kitu chochote," nikasema. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Neoni, agoni na jamaa zao.

"Ndivyo nilivyofundishwa na mimi. Nikataka kujua kama ni kweli."

Akanieleza, na naomba mnivumilie, maana hapa ndipo nilipopotea. Huko Ulaya walichemsha sodiamu mpaka ikawa mvuke, wakaichanganya na agoni, kisha wakaiachilia kwa kasi kupitia tundu dogo kama la sindano ndani ya chombo kisicho na hewa. Gesi inayotoka namna hiyo hupoa vibaya sana, baridi ambayo hapa duniani haipo hata kwenye vilele vya milima. Na katika baridi hiyo, chembe ya sodiamu na chembe ya agoni hukaa karibu karibu. Haziungani kama chumvi ilivyoungana. Zinakaribiana tu, kwa ulegevu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Sasa wao walipopiga mwanga wa leza mahali hapo, wakaona ajabu: sodiamu iliyo peke yake inameza mwanga pale pale panapojulikana, lakini sodiamu iliyokaa na agoni inameza mwanga uliosogea kando kidogo. Kutokana na kule kusogea, waliweza kujua hizo mbili zimekaa umbali gani, na zinashikana kwa nguvu kiasi gani.

"Ni kama wasafiri wawili wasiojuana," alisema, "gari limeharibika njiani, baridi imeingia, wanakaa wamegusana migongo. Jua likitoka, kila mtu na njia yake."

"Na hiyo inamsaidia nani?" nikauliza. Msinicheke, mimi nilikuwa na madumu arobaini yananisubiri.

Alivua miwani akaifuta. "Sijui. Mimi nilitaka tu kujua kama gesi isiyomtaka mtu kweli haimtaki mtu."

Niliomba kitabu, akanipa. Kwa miezi kadhaa, saa za mchana ambapo Garissa nzima imejificha kwenye kivuli, nilikaa na kitabu kile na kamusi. Hesabu zilinishinda, nikaziruka. Picha nilizielewa: milima midogo midogo ya mwanga, na pembeni mwa mlima mkubwa, kilima kidogo kilichosogea kando. Chini yake pameandikwa kwamba hicho ndicho sodiamu ikiwa na mwenzake. Nilikipenda kile kilima. Nilianza kuota kwamba siku moja nami nitakiona changu.

Mwaka mmoja wa ukame, zahanati moja ndogo kati ya Habaswein na barabara ya Garissa ilipata kisima kipya kirefu. Muuguzi wa pale alikuwa kijana anayeitwa Yusuf, mtu makini sana. Watoto walikuwa wanaharisha, na dawa yake ilikuwa zile pakiti za unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji safi. Yusuf alitaka kujua jambo moja. Unga ule tayari una chumvi iliyopimwa. Je, maji ya kisima kipya yakiongeza chumvi yake, mtoto atabeba kiasi gani? Aliniandikia barua nzuri, akatuma na chupa mbili za maji. "Abaayo," aliandika, yaani dada, "hapa maji yote yana ladha ya chumvi kidogo, ulimi wetu umezoea. Siwezi kutegemea ulimi. Nakutegemea wewe."

Daktari Mutua alikuwa amekwenda Nairobi kufuata mtungi mpya wa gesi, kwa sababu wetu ulikuwa unaelekea kwisha. Nilikuwa peke yangu. Asubuhi nilifanya kila kitu inavyotakiwa. Niliwasha taa ya sodiamu, nikaiacha ipate moto, nikapitisha chupa za kipimo, yaani maji ambayo sisi wenyewe tumeyatia chumvi kwa kiasi tunachokijua. Mshale ukashuka vizuri, hatua kwa hatua. Nikafurahi. Kisha umeme ukakatika.

Ulirudi baada ya saa moja na nusu. Niliwasha taa na sikungoja. Hilo ni kosa la kwanza: taa baridi, gesi yake ndiyo inayowaka mwanzo, madini huchelewa. Nikazungusha gurudumu kutafuta mahali ambapo mwanga una nguvu zaidi, nikaukuta, nikasimama hapo. Nikatazama namba. Haikuwa namba ya sodiamu iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ilikuwa imepungua kidogo tu, tofauti haikufika hata moja kamili.

Mwingine yeyote angesema gurudumu limesogea, angerudia chupa za kipimo. Chupa za kipimo zilikuwa zimebaki matone, na gesi ilikuwa kidogo. Lakini msinisingizie uchoyo, wanangu. Ukweli ni kwamba mwili ulinisisimka. Ndani ya taa hii kuna nani? Sodiamu. Na nani mwingine? Neoni, gesi ajizi. Na mwanga umefanya nini? Umesogea kando. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Nilichukua daftari langu nikaandika: "Leo nimeiona sodiamu ikiwa imekaa na neoni."

Kisha nikanyunyiza maji ya Yusuf. Mshale haukutikisika. Nikanyunyiza tena, ukabaki palepale. Nikaandika kwamba sodiamu ni kidogo sana na maji yanafaa. Muhuri, bahasha, lori.

Na sasa niwaambie jambo ambalo mpaka leo linanipa aibu kuliko mengine. Nilipokuwa nikinyunyiza maji yale, mwali, ambao kwa kawaida ni wa buluu na karibu hauonekani, uligeuka wa manjano kuanzia chini hadi juu, ukaangaza chumba kizima. Niliuona kwa macho yangu. Nikautazama mshale.

Siku nane baadaye, asubuhi baada ya Daktari Mutua kurudi na mtungi, aliingia mwanamke mzee aliyejitanda shuka la kahawia, na mkononi chupa ya maji. Alikuwa mrefu, na alikuwa amechoka. Alinisalimu kwa Kisomali, nikamwitikia, nikampa kigoda. Jina lake lilikuwa Dahabo. Nilimwita Ayeeyo, nyanya, kama tunavyowaita wote wa umri wake. Daktari Mutua alikuwa chumbani, na kwa heshima yake yule bibi akahamia Kiswahili, ili mgeni asiachwe nje.

"Mtoto ya mtoto yangu iko hospitali hapa Garissa," alisema. "Miaka mbili. Jina Bishar. Alikuwa nahara. Yusuf alimpa ile dawa ya kukoroga, siku mbili. Kiu haimalizi. Anakunywa, anataka tena, anakunywa, anataka tena. Halafu akaanza kutetemeka. Yusuf akatupandisha kwa gari."

"Pole sana, Ayeeyo."

"Yusuf nasema maji ni nzuri, iko barua ukutani. Mimi nasema maji hii hapana nzuri. Mimi nakunywa maji ya hii nchi tangu sijaota meno. Sasa nataka kuona vile nyinyi napima."

Sikukasirika, lakini moyoni nilimhurumia kidogo, kama msomi anavyomhurumia mtu asiyesoma. Nikasema sawa, nitamwonyesha. Niliwasha taa, nikawasha mwali. Gurudumu sikuligusa. Halikuwa limeguswa tangu siku ile, kwa sababu gesi iliyobaki haikutosha kupima kitu kingine. Kwanza nilinyunyiza maji ya Tana tuliyokwisha kuyachuja na kuyasafisha. Mwali ukabaki buluu. Mshale ukabaki juu. Kisha nikachukua chupa yake. Mwali ukawa wa manjano. Mshale ukabaki juu.

"Unaona?" nikamwambia. "Mshale haujashuka. Hakuna chumvi nyingi."

Hakuutazama mshale. Aliinama akatazama mwali, akanyoosha kidole.

"Kwa nini moto ya maji yangu nageuka rangi, na ile ingine hapana?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Jibu nililijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Sodiamu ikiingia kwenye moto, moto huwa wa manjano. Kila mtoto wa sekondari analijua. Nilifungua mdomo, na jibu likafika kwenye meno, likasimama hapo.

Daktari Mutua alikuwa amekwisha simama nyuma yangu. Alichukua kipande cha chumvi ya kupikia kutoka kwenye kopo letu la chai, akakitia kwenye glasi ya maji, akakoroga, akanyunyiza. Mwali ukawaka kama taa ya barabarani. Mshale haukutikisika. Chumvi tupu, na mashine inasema hakuna chumvi.

Akainama kwenye gurudumu, akalizungusha taratibu, kiasi ambacho usingekiona kama hukumwangalia vidole. Mwanga ukapungua, kisha ukapanda tena. Alisimama kwenye namba ya kitabu. Akanyunyiza maji ya Ayeeyo. Mshale ukaanguka mpaka chini kabisa.

"Ulikuwa umesimama kwenye mstari wa mwanga wa neoni," alisema. "Yeye ana mwanga wake mwingi, na mmoja ni jirani kabisa wa sodiamu. Sodiamu ya kwenye maji haina haja na mwanga wa neoni, unapita tu."

Nilikwenda kuchukua daftari, nikamfungulia ukurasa ule. Sikujua nifanye nini kingine. Alisoma. Nikaona midomo yake inatikisika kidogo, nikadhani atanikemea.

"Umekisoma kitabu changu," alisema.

"Nimekisoma."

"Chote?"

"Hesabu niliruka."

"Ndani ya hesabu ndimo ungeona kwa nini nilikuambia habari ya baridi, Saadia. Hao wawili hukaa pamoja kwenye baridi kali tu. Taa hii ina moto. Humo ndani wanagongana na kuachana, hawana nafasi ya kukaa." Akafunga daftari akanirudishia. "Wazo lako halikuwa baya. Sodiamu na neoni hukaa, kwa ulegevu zaidi kuliko na agoni. Lakini ulitakiwa kwanza uulize kama kuna mtu mwingine anayeweza kusimama mahali pale."

Ayeeyo Dahabo alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akaniuliza kwa Kisomali, polepole, ili nisije nikasema sikuelewa: "Ile barua ya ukutani, ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

Nilitamani anitukane. Aliinuka, akajifunga shuka vizuri. "Basi twende hospitali umwambie daktari kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia, atasema bibi huyu anajua nini."

Tulikwenda kwa miguu, jua likiwa limeanza kuwa kali. Daktari wa wodi alikuwa kijana aliyeshika kalamu mbili. Nilimweleza yote, bila kupunguza: maji yana sodiamu nyingi, dawa iliyokorogwa humo imekuwa na chumvi kupita kiasi, kosa ni langu. Aliniuliza namba, nikampa ile tuliyoipima sasa hivi. Alikuwa ameshaanza kushuku kitu cha aina hiyo, lakini hakuwa na uhakika. Akabadilisha maagizo pale pale, akamwelekeza muuguzi kwamba maji ya mtoto yarudishwe kidogo kidogo, yasiharakishwe. Bishar alikuwa amelala, macho yamezama, ulimi mkavu. Nilisimama pale nikatazama mkono wake, mdogo, umefungwa kwenye kibao ili sindano isitoke. Wanangu, namba tunazoandika huishia mahali kama pale.

Kutoka hospitali nilikimbia kwenye ofisi iliyokuwa na redio ya mawasiliano. Yusuf alipatikana mchana. Nilimwambia asitumie maji ya kisima kipya kukorogea dawa. Redio ikakoroma kwa muda.

"Barua yako ilisema yanafaa," akasema.

"Barua yangu ni ya uongo. Nakuja."

Kesho yake asubuhi nilipanda gari la ofisi. Daktari Mutua alikataa kuja nami. Alisema angekuja, watu wangeongea naye, na mimi ningesimama nyuma yake. Alinipa vifuniko viwili vya sufuria na kichoma gesi kidogo, akasema nitaona kazi yake. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa ukame, na tulipopita karibu na mabwawa niliona mbuzi wamesimama tu, hawana pa kwenda.

Zahanatini kina mama walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, kumi na tano hivi. Karatasi yangu ilikuwa ukutani, imebandikwa kwa plasta pembe zote nne, muhuri umeng'aa. Nilisimama mbele yao nikasema kwa Kisomali kwamba mimi ndiye mpimaji, na kwamba nilikosea. Nikaibandua karatasi kwa mkono wangu. Plasta iling'oa rangi ya ukuta, na sauti yake niliisikia kuliko kawaida.

Hawakupiga kelele. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, aliuliza swali moja tu: "Sasa tukoroge na maji gani?"

Hilo ndilo swali la kazi yetu, wanangu. Hawakuja kusikiliza kuomba kwangu msamaha, walitaka maji. Nikawasha kichoma gesi. Nilitia kijiko kimoja cha maji ya kisima kipya kwenye kifuniko cha kwanza, na kijiko cha maji ya bwawa la mvua kwenye cha pili, nikayachemsha mpaka yakauka kabisa. Cha kwanza kikabaki na ukoko mweupe mnene kama uji uliokauka. Cha pili kikabaki na vumbi jembamba la udongo. Wakavipitisha mkono kwa mkono. Mmoja alilamba kidole akagusa ukoko, akakunja uso, wenzake wakacheka, na hapo ndipo nilipopumua. Tukakubaliana: maji ya dawa yatatoka bwawani, yachujwe kwa kitambaa na kuchemshwa, na bwawa likikauka yataletwa na punda kutoka kisima cha zamani. Yusuf aliandika. Vifuniko nilimwachia. Mpaka leo nawaambia: ukiwa na mashine ya mamilioni, weka na kifuniko cha sufuria karibu. Mashine huweza kusema lolote. Maji yaliyokauka hayana pa kuficha chumvi yake.

Watoto wengine wanne walikuwa wamekunywa ile dawa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na Yusuf kuwaangalia. Walikuwa salama, kwa sababu mama zao walikuwa wanawapa maziwa ya ngamia kila walipolia, na dawa waliimwaga wakiona mtoto anaikataa. Yusuf alikuwa amewagombeza kwa kuimwaga. Siku hiyo aliwaomba radhi na yeye, mmoja mmoja.

Nilirudi Garissa nikaandika barua ya kusahihisha, nikaipeleka kwa mkubwa wetu. Nilipewa onyo la maandishi, na lilikuwa haki yangu. Daktari Mutua alinifundisha hesabu nilizoruka, kila Jumamosi, kwa mwaka mzima. Mara nyingine tulisahau madumu. Alinionyesha jinsi ya kuiuliza taa: ingoje ipate moto robo saa, ongeza umeme kidogo uone mistari ipi inapanda kwa kasi na ipi kwa uvivu, na usiupe jina mstari wowote kabla hujanyunyiza kitu unachokijua. Nilimuuliza kama alihuzunika kuacha ile kazi ya Ulaya. Alisema siku alizokuwa anahuzunika ni zile ambazo hakuna aliyemuuliza kitu.

Bishar alikaa hospitali siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, kabla lori la kwenda Habaswein halijaondoka, Ayeeyo Dahabo aliingia maabara akiwa na mtoto mgongoni, kichwa chake kikichungulia kama cha kobe. Mkononi alikuwa na chupa. Jamaa yake mmoja alikuwa ameileta kutoka kisima cha zamani.

"Pima," alisema. "Leo mimi nakaa hapa mpaka mwisho."

Alikaa. Nilianza tangu mwanzo. Niliwasha taa, tukangoja robo saa, na aliniuliza tunangoja nini. Nilimwambia humo ndani wako wawili, na yule wa pili huamka mapema. Nilipitisha chupa za kipimo, mshale ukashuka kwa kila moja, na kwa kila moja aliuliza hiyo imetiwa chumvi kiasi gani na nani aliyeitia. Kisha maji yake. Mwali ulipata manjano hafifu, kama chai ya maziwa mengi. Mshale ulishuka kidogo, ukasimama. Nilirudia mara tatu. Maji yalikuwa mazuri.

Niliandika matokeo, nikamsomea kwa Kisomali. Akaniambia nisome tena, nikasoma. Nikapiga muhuri, nikaweka sahihi yangu kama kawaida, herufi mbili na mkia. Aliitazama ile sahihi kwa muda mrefu.

"Hii nini?"

"Ni jina langu, Ayeeyo."

"Hii si jina, hii ni alama ya mguu wa kuku. Andika jina yako. Halafu ya baba yako. Halafu ya babu yako. Ikiwa uongo, nijue nitagonga mlango gani."

Nikachukua kalamu, nikaandika yote matatu, kwa herufi kubwa.